Saini Tano za Mionzi

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Bernadeta wa Kisesa alikuwa amengojeshwa tangu Januari ya mwaka tisini na saba. Mumewe, Malimi, alianza kwa sikio kuziba, kisha damu puani, kisha uvimbe shingoni. Mwaka mzima kabla ya hapo alitiwa dawa ya sikio. Walipokuja kukata kipande cha nyama nyuma ya pua na kukipima, jibu likawa saratani. Tiba yake ni mionzi, na mashine ya mionzi iko Dar es Salaam. Kufika huko lazima barua ya rufaa, na barua hiyo husainiwa na kamati ya watu watano wakiwa wamekaa kikao. Kikao cha Januari kiliahirishwa. Cha Februari kikaahirishwa pia.

Machi wakaja tena mjini Mwanza. Karani wa kamati, Venant, akawapokea akiwa ameinamisha macho.

"Mama, hata leo hakuna kikao. Wajumbe wote wako semina."

"Semina ya nini?"

Venant akatazama karatasi yake. "Mustakabali wa tiba ya mionzi Kanda ya Ziwa."

Jamani! Mtu anakufa kwa kukosa mionzi, na wenye kalamu wamekwenda kuijadili mionzi hiyohiyo! Bernadeta akamshika Malimi mkono, maana siku hizi aliona kila kitu viwili viwili, wakapanda hadi hoteli mpya kilimani, ile ya tajiri wa minofu ya sangara. Venant akawafuata akihema, faili kwapani. Labda aibu ilimsukuma.

Ukumbini, daktari mgeni kutoka Dar alikuwa akionyesha picha ukutani. Siku moja, alisema, mionzi itaufuata uvimbe wenyewe na kuyaacha salama macho na tezi za mate za mgonjwa. Siku moja Mwanza nayo itakuwa na mashine yake. Makofi yakalia. Mwenyekiti wa kamati, Dakta Mayala, alipiga kuliko wote.

Bernadeta alikwenda moja kwa moja mbele. "Shikamooni. Samahani kwa kuwakatisha. Mgonjwa mnayemzungumzia ni huyu hapa."

Mayala alimtambua. "Mama, nilishakueleza. Barua haisainiwi nje ya kikao. Taratibu ni taratibu."

Hapo alijikwaa. Bernadeta alikuwa katibu wa chama cha msingi cha pamba kwa miaka kumi na mmoja, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja kukimaliza, na kwa kuandika mihtasari ya wanaume wabishi aliijua akidi kuliko rozari yake. Akaanza kuwanyooshea kidole waliokaa meza ya mbele.

"Mwenyekiti upo. Mmoja, wawili, watatu, wanne, wajumbe mpo. Akidi imetimia. Karani yule pale na faili lenu. Kikao ni watu, Dakta, siyo chumba."

"Wewe huna mamlaka ya kuitisha kikao!"

"Basi kiitishe wewe. Au waeleze wageni kwa nini hutaki."

Daktari mgeni alimsogelea Malimi, akampapasa shingo, akamwambia afuate kidole chake kwa macho. Jicho moja halikufuata. Mgeni akarudi, akazima mashine ya picha.

"Siendelei mpaka msaini," alisema.

Wakasaini wote watano, Venant akagonga muhuri. Kwa saa ya ukutani, zilikuwa dakika tatu.

"Atapona?" Bernadeta alimuuliza mgeni.

Yule hakumficha. "Angekuja Januari ningekuambia ndiyo. Sasa ugonjwa umeshapanda kwenye mishipa ya jicho. Mfikishe haraka. Tutajitahidi, lakini siwezi kukuahidi, mama."

Mayala alikohoa, akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Haya, barua umepata. Hata asante hakuna?"

Bernadeta alimtazama hadi tabasamu likamwisha.

"Dakika tatu, Dakta," alisema. "Januari mlizikosa wapi?"