Taa Hupimwa na Mzigo

Kuna watu husifiwa mpaka wakaharibika, na Fyuzi alikuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa na wenye pikipiki, kwa sababu hakuna aliyepita kwenye banda lake bila kuhubiriwa habari za fyuzi: kwamba waya unaotoka kwenye betri bila fyuzi ni nyoka aliyelala chini ya tangi la mafuta, na kwamba fundi anayeunga hivyo angefaa kufungwa jela. Yeye mwenyewe hakuwahi kusokota nyaya mbili, akazizungushia tepu, akasema kazi imekwisha. Alilehemu, akavalisha mpira, akaupitisha waya mahali ambapo usukani hauwezi kuubana hata ukikatwa kona mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa safi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Siku mdogo wa mkewe alipokuja kufungiwa taa za ziada, Fyuzi alifurahi kuliko mwenye pikipiki. Shemeji huyu alikuwa mchukuzi wa maziwa. Kila alfajiri alifunga madumu manne yaliyojaa kwenye keria ya nyuma, akapita barabara ya bondeni, ambako ukungu hukaa mpaka jua lipande.

"Shemeji, hii taa ya kawaida inamulika ukungu tu," Mchukuzi alilalamika. "Juzi nusura nimpande ng'ombe mgongoni."

"Angekudai maziwa yake," Fyuzi akamjibu, na watu waliokuwa wakisubiri pikipiki zao wakacheka.

Walikuwa wengi siku ile, na Fyuzi akipata watazamaji huwa mtu mwingine. Alifungua kiti, akaanzia kwenye betri. Akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, akieleza kwa sauti kwa nini iwe pale na si kwingine. Akafunga rilei mahali pasipofikiwa na maji, ili mzigo wa umeme usipite kwenye swichi ndogo ukaiunguza. Waya wa swichi akauchukua kwenye umeme wa funguo, ili mtu akizima pikipiki na taa zizimike, betri isife. Taa mbili akazikaza kwenye chuma cha mbele, moja kila upande. Mpaka saa tisa kila kitu kilikuwa tayari. Akabonyeza swichi, banda zima likawa jeupe.

Ikabaki kazi moja, na ndiyo ndogo kuliko zote. Kwenye ukuta wa ghala lililotazamana na banda, Fyuzi alikuwa amechora mstari wa chokaa. Mwanga wa taa haukutakiwa kuuvuka, maana ukiuvuka unawaingia machoni watu wanaokuja upande wa pili. Na sheria aliyofundishwa tangu anajifunza kazi ilikuwa moja: taa hupimwa na mzigo. Mzigo ukikaa nyuma, springi za nyuma hushuka, pua ya pikipiki huinuka, na taa huinuka nayo. Kwa ajili hiyo alikuwa na magunia mawili ya mchanga pale bandani. Lakini wiki ile mvua ilikuwa ikiingia jikoni, mkewe akayachukua kuzuia maji mlangoni.

Kwenda kuyaleta ni dakika kumi. Angeweza pia kumwambia Mchukuzi arudi kesho na madumu yamejaa. Maneno yalimfika kwenye ulimi kabisa. Ila kuyasema ilikuwa kukiri mbele ya wale watu kwamba kazi haijakwisha, na tayari mmoja alikuwa ameshasema, "Huyu hana haja ya kupima, jicho lake rula." Fyuzi akainama, akakaza boliti pikipiki ikiwa tupu, mwanga ukakaa chini ya mstari sawasawa. Wakamsifu. Akameza yale maneno kama mtu anavyomeza mate.

Asubuhi ya tano baada ya hapo, kaka yake Fyuzi alikuwa kwenye baiskeli kwenye barabara ya bondeni, akipeleka sare za shule alizomaliza kushona. Kaka huyu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, alimlisha, akamvisha na kumsomesha kwa mguu wake wa kulia juu ya pedali ya cherehani. Katikati ya ukungu akaona mianga miwili ikimjia usoni, asione tena barabara wala mikono yake. Alikwepa, akaangukia kwenye kalavati, na mguu ule wa kulia ukabanwa kati ya baiskeli na zege. Mchukuzi alisimama, akamwaga maziwa yote kandokando ya barabara ili apate nafasi ya kumpakia, akamfikisha hospitali. Daktari akasema mfupa utaunga, lakini kifundo cha mguu hakitakunjika tena.

Alasiri ile Mchukuzi aliiacha pikipiki bandani, akarudi hospitali kwa miguu, kwa sababu hakuweza hata kuitazama. Fyuzi akabaki nayo peke yake. Alijaza madumu manne maji, akayafunga nyuma, akakaa juu yake, akabonyeza swichi. Mianga miwili ikasimama juu ya mstari wa chokaa, mkono mzima juu yake, mahali hasa ambapo uso wa mtu aliye juu ya baiskeli huwa.

Aliogopa. Hakuna neno jingine la kumpamba nalo. Alichukua spana namba kumi, akashusha taa zote mbili, akamwaga maji. Haikuchukua hata dakika mbili. Jioni Mchukuzi aliporudi alimuuliza, "Shemeji, nieleze wewe fundi. Zile taa zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa."

"Basi ni mimi. Labda nilisahau kuzizima nilipomwona. Hata sikumbuki kama nilimwona."

Fyuzi akamshika bega, akamwambia ajali haina kinga. Alimfariji kwa lile lile kosa alilomtwika.

Kaka alipotoka hospitali akaletwa nyumbani kwa Fyuzi, akapewa chumba cha nyuma. Cherehani lake likaletwa pia, likawekwa kwenye kona, likafunikwa shuka. Mke wa Fyuzi alimhudumia kama mtu anayelipia kosa la ukoo mzima. Alimpelekea maji ya kuoga yakiwa ya moto kupita kiasi au baridi kupita kiasi, kwa ile haraka ya kutaka kumridhisha. "Mdogo wangu ametuaibisha," alimwambia mumewe. Fyuzi alisema asijali. Kila siku alisema asijali, mpaka neno lenyewe likamchosha mdomoni.

Na kila Ijumaa mchana, akimaliza kugawa maziwa, Mchukuzi alikuja kuomba msamaha. Alivua viatu nje, Fyuzi akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma, naye akasimama karibu na kitanda na kofia mkononi. "Kaka, nimekuja tena. Nisamehe." Kaka aligeukia ukutani. Hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwacha asimame mpaka achoke, kisha Mchukuzi akaweka chupa ya maziwa sakafuni na kuondoka. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara Fyuzi alijiambia kwamba wiki ijayo atasema. Mficha uchi hazai, hilo alilijua, na bado alificha.

Ijumaa ya tano Mchukuzi alipitia kwanza bandani. "Nimeiuza pikipiki," alisema. "Siwezi tena kuipita ile barabara. Nikiingia kwenye ukungu mikono inakufa ganzi. Aliyenunua anaichukua leo, na hizi taa yeye hazitaki. Nifungulie."

Fyuzi akafungua boliti za taa, kisha akafungua kiti. Ule unadhifu wote ulikuwa pale pale, kila waya mahali pake, fyuzi yake nzima. Alikata wa kwanza, alipofika wa pili koleo likamgoma mkononi.

"Hazikuwa sawa," alisema.

"Nini?"

"Taa. Nilizipima bila mzigo. Ukipakia madumu zilikuwa zinapanda juu. Nilizijaribu alasiri ile ile, nikaona, nikazishusha. Wewe hukusahau chochote, shemeji. Hata ungekuwa malaika ungempofusha."

Mchukuzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akautazama mstari wa chokaa kule ukutani. Fyuzi alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa.

"Ijumaa zote nne," Mchukuzi alisema mwishowe, taratibu, "nimesimama pale na kofia mkononi. Na wewe ndiye unayenifungulia mlango."

Alivaa kofia yake, akaenda kumkabidhi mnunuzi pikipiki barabarani, taa moja ikining'inia kwa waya wake. Nyumbani kwa Fyuzi hakupita.

Fyuzi alifunga banda, akarudi kwake. Mkewe alikuwa jikoni. Kutoka chumba cha nyuma kaka akaita.

"Mdogo wangu, mbona leo hajaja?"

Fyuzi alisimama mlangoni.

"Nenda kamwite," kaka akasema. "Nimewaza usiku kucha. Nimemtesa vya kutosha kijana wa watu. Leo nilikuwa nataka nimwambie akae."

Basi Fyuzi akasema. Alianza na magunia ya mchanga, akamalizia na koleo, na hakuacha kitu katikati, hata yule mtu aliyesema jicho lake rula. Jikoni vyombo vilinyamaza. Kaka hakugeukia ukutani. Alimtazama mpaka mwisho, na Fyuzi akatamani ule ukuta.

"Mguu ningekusamehe," kaka alisema. "Mguu ni ajali, hata mimi nimeshawahi kukata kitambaa bila kupima. Lakini ulikuwa unanisikia nikimnyamazia yule kijana."

Akajivuta ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono kutafuta gongo lake. Fyuzi aliruka kumshika, kaka akamsogeza kwa kiwiko, kwa upole, kama mtu anavyomsogeza asiyemjua kwenye foleni.

"Shemeji," akamwita mke wa Fyuzi, "njoo unishike. Tunaenda kwa mdogo wako."

"Kaka, ni mbali," Fyuzi alisema. "Ngoja nitafute pikipiki."

"Tutafika."

Mkewe alikuja, macho yamemvimba, akampita mumewe bila kumtazama. Akamvisha kaka kiatu kimoja, ule mguu mwingine akaufunga kitambaa. Wakatoka polepole, gongo likipiga sakafu, wakavuka uwanja mpaka njiani. Fyuzi alibaki katikati ya chumba. Hakuna aliyemwambia abaki, wala hakuna aliyemwambia aje.