Nyumba Ndani ya Kompyuta

"Mama Alois, siku hizi mnafuga mwezi ndani?"

Ni jirani yetu wa hapa Kawajense, Nyanzala, aliyeniuliza hivyo tukitoka kwenye sala ya jumuiya. Alikuwa ameliona dirisha letu jioni, lina mwanga wa rangi ya maziwa usiofanana na wa chemli. Nikamwambia ni kompyuta. Akacheka, akasema basi tuangalie usije ukakua ukatutoboa paa.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Mwanangu Alois alipewa mashine hiyo ofisini kwao ilipozeeka, lakini aliyeipenda ni mke wake, Libérate, aliyejifunza kupiga taipu huko kwao Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Jioni umeme wa mji ukija, mjukuu wangu Mariana akishalala, Libérate alikaa mbele ya kile kioo. Mimi nilikaa mkekani na rozari. Sauti ya vitufe ilikuwa kama manyunyu juu ya majani ya tumbaku, na mara nyingine nilisahau nimefika tendo la ngapi.

Siku moja nilimuuliza anaandika nini. Akasema anaiandika nyumba ya mama yake, kule Burundi walikotoka wakikimbia mauaji mwaka sabini na mbili, yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Inamjia kidogo kidogo: leo kizingiti, kesho harufu ya ndizi zilizofukiwa ziive. Mama yake hakufika Katumba.

"Mtu akiingia kabla sijamaliza, mama, nitaipoteza tena," alisema. "Hata Alois. Yeye atanihurumia, halafu itakuwa nyumba ya kuhurumiwa."

Kwa hiyo alikuwa ameifunga. Kila alipotaka kuifungua, mashine ilidai neno la siri, na alipoliandika kioo kilionyesha nyota tupu. Lakini mimi macho ninayo, na darasa la nne nililosoma linatosha kufuata kidole. Nilikifuata herufi moja moja mpaka mwisho. Machibya. Jina la marehemu mume wangu.

Niliacha kusali. Kwao na kwetu, mke halitamki jina la baba mkwe. Tangu aolewe, Libérate hakuwahi kulitaja. Hata siku ya misa ya kumwombea alisema "yule mzee wetu". Sasa kidole chake kilipita juu ya zile herufi polepole, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa ameinama. Midomo ilikuwa imefungwa kabisa.

Alois alianza kuona kwamba akiingia tu, kioo kinazimwa. Huko Katumba watu walikuwa wakizungumza habari za kurudi Burundi, naye akajitia kichwani kwamba mke wake anapanga kuondoka na mtoto. Jioni moja, Libérate akiwa jiko la nje anasonga ugali, Alois alikalia kiti chake mbele ya kioo. Akajaribu Mariana. Akajaribu Katumba. Akajaribu jina lake mwenyewe, akalirudia, nikamwonea huruma. La baba yake halikumjia hata kidogo. Nani angefikiri mkwe angeligusa?

Akanigeukia. "Mama, wewe unakaa hapa kila siku. Unalijua?"

Kudanganya siwezi. "Ninalijua."

"Niambie."

"Sikuambii."

Akasema basi kesho anairudisha mashine ofisini, waifute yote, tuone. Ule mwanga ulimkaa usoni, akafanana na alivyokuwa mdogo akiugua homa.

"Haondoki," nilimwambia. "Hilo nalisema mbele ya Mungu. Kilichomo humo ni chake. Mimi nimeishi na baba yako mpaka nikamzika, na zipo sala zangu ambazo hakuwahi kuzisikia. Hakupungukiwa na kitu."

"Kwa hiyo wewe anakwambia, mimi ananificha."

"Mimi nilimuuliza, halafu nikanyamaza."

Aliangalia kile kimstari kwenye kioo, kinawaka, kinazima, kinasubiri. Mkono wake ukashuka mpaka kwenye waya wa umeme, ukaushika. Huko nje mwiko uligonga sufuria, na Libérate alikuwa akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kwao. Tulisikiliza wote wawili.

Alois akauachia waya. Akavaa viatu vyake, akatokea mlango wa mbele, wa kwenda barabarani, si ule wa kwenda jikoni kwa mke wake.