Kamera Kubwa Yaenda Mwamgongo

Tangu Gasper apewe ile kamera kubwa aijaribu, nyumba yao pale Ujiji haikuwa na raha. Mwanamume mzima, mpiga picha wa siku nyingi, akiamka anaikagua kwanza ndipo amsalimu mkewe! Skolastika aliyaona yote, na Skolastika si mtu wa kuona akaacha.

"Hii ni fulfremu, Mama Yona," Gasper alisema, ameishika kwa mikono miwili. "Sensa yake, hicho kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni kikubwa mara mbili ya hicho chako. Ukimpiga bibi harusi, nyuma yake kote kunayeyuka. Anabaki yeye tu."

"Na hao wanaoyeyuka wamekukosea nini, Baba Yona?"

Hicho cha Skolastika kilikuwa kamera ndogo aliyoitumia miaka tisa. Mpira wa kushikia ulishabanduka, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwa kamera hiyo alipiga ubatizo, mahafali na Idi za watoto wa mtaa mzima. Sasa mwenye duka pale Mwanga, aliyewaazima kubwa waijaribu, alitaka waitoe hiyo, waongezee na akiba yao yote, ndipo wachukue kubwa.  Skolastika aliipenda kamera yake, basi, na hakuona aibu kusema.

Walibishana wiki nzima mpaka jirani akawaomba wapumzike. Mwisho wakakubaliana hivi: Mjomba Leodgar, kaka wa mama yake Skolastika, anamwoza binti yake huko Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Waende wote wawili, kila mtu na kamera yake. Picha ambayo Mjomba ataichagua kutundika sebuleni, kamera iliyoipiga ndiyo itakayobaki kwenye studio yao.

Wakapanda boti bandarini Kibirizi. Gasper aliifunga kubwa kwa kanga mbili, akaipakata njia nzima kama kichanga, kila maji yakiruka anaifunika kwa koti lake. Ndogo ilining'inia shingoni mwa Skolastika, mwenyewe anatafuna karanga.

Walikuta kijiji kimejaa. Zilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wote wako nchi kavu, na ndiyo maana huko harusi hupangwa siku hizo. Aliyekosekana ni mmoja tu, Mjomba Feliksi, mdogo wake Leodgar. Miaka sita nyuma aliazima wavu wa kaka yake akaurudisha umechanika. Wakatukanana mbele za watu, na Feliksi akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kiwanja cha Leodgar mpaka mmoja wao azikwe. Nyumba zao zinatazamana, kijito tu katikati! Watu wazima wale, na ndevu zao.

Ikaja picha ya ukoo, ukoo umepangwa mgongo ziwani, maharusi mbele. Gasper akapiga magoti, akaona haitoshi, akalala kifudifudi na suti yake. Lenzi aliifungua yote. Angeweza kuibana ili wa nyuma waonekane, alijua sana, lakini alikuwa amekuja kuyeyusha watu na kuyeyusha akayeyusha. Skolastika alipanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akabana lenzi, akapiga.

Kesho yake asubuhi, wakisubiri boti ya kurudi, laptop ikawekwa juu ya kigoda na ndugu wakazunguka. Ilianza ya Gasper. Lo! Bibi harusi alikuwa kama amechomoza ndani ya skrini, ungeweza kuhesabu kope zake. Shangazi wakapiga vigelegele upya. Skolastika akaishika kamera yake shingoni, maana picha ilikuwa nzuri, tusidanganyane.

"Mwakeye, mwakeye, nipisheni nione," Mjomba Leodgar akawaamkia, akasogea. Akatazama. "Mimi niko wapi?"

Gasper akakohoa. "Wewe, Mjomba... ndiye hilo doa la kahawia."

"Hili?"

"Hapana, huyo ni shangazi. Hilo la pembeni yake."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba hakucheka. "Nimeoza mtoto, nimekuwa uji," alisema. "Lete ya Skola."

Ya Skola haikuwa na mbwembwe. Kila mtu alionekana: Mjomba mwenyewe kaachama, watoto wanasukumana, mbwa anaiba samaki kwenye chanja, na huko nyuma kabisa ziwa na mitumbwi. Mjomba akainama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Hapa. Pakuze."

Skolastika akapakuza. Ndani ya mtumbwi mmoja, mbali kidogo na ufuko, alisimama mtu aliyevaa koti na tai, suruali kaikunja magotini, kofia ameishika kifuani. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

 Gasper akarudi kwenye picha yake, akatafuta pale pale. Palikuwa na doa jeusi.

"Hakukanyaga," Mjomba Leodgar alisema. "Mjinga yule! Ziwa halikuwamo kwenye kiapo."

Akaifunga laptop, akaitia kwapani, akatoka.

"Mjomba, laptop yangu!" Gasper akamkimbilia mpaka kijitoni, akarudi mikono mitupu.

Leodgar alikaa huko kwa Feliksi muda mrefu. Boti ilipiga honi, ikaondoka bila wao. Ndipo wazee wawili wakaonekana wanavuka kijito, Leodgar mbele, Feliksi nyuma na tai yake ya jana. Feliksi alipofika mpakani akasimama, akautazama mguu wake.

"Kanyaga, usinichoshe," akasema kaka yake.

Akakanyaga. Skolastika alilia waziwazi, pua na yote.

"Ya ukutani ni hii ya Skola," Mjomba Leodgar akatangaza, anamrudishia Gasper laptop yake. "Asiyetaka na asitake."

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Gasper akatikisa kichwa, akaanza kuifunga kubwa kwenye kanga zake, taratibu, kama mtu anayeaga.

"We kijana, subiri," Feliksi akamzuia. Akamvuta kaka yake, wakasimama bega kwa bega, kijito na nyumba zao mbili nyuma yao. "Sisi tupige kwa hiyo yako inayoyeyusha. Ya nyuma yote yapotee."

Gasper akamtazama mkewe. Skolastika, machozi hayajakauka, akamfungulia kanga mwenyewe.

Gasper akafungua lenzi mpaka mwisho.