Sinia la Kakangu Faki

Hapa kwetu Jomvu Kuu sinia letu kubwa halina mapumziko. Asubuhi nachagulia mchele, jioni nachukulia vikombe vya kahawa, na wajukuu nikiwageuzia mgongo tu washaligeuza ngoma. Idi ikifika linakwenda kwa jirani yangu Dama na pilau, naye hulirudisha na muhogo wa shambani kwao. Kurudisha sinia la mwenzio tupu ni aibu, na Dama ana adabu zake.

Lakini mimi sinia nalipendea jambo jingine. Likiwekwa chini watu wakalizunguka, tabia ya mtu haijifichi.

Kakangu Faki alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Alhamdulillahi amepona, ila mkono wa kulia umebaki mzito, na tonge humchukua muda kulifikisha mdomoni. Baada ya hapo akaja kijana mmoja kumposa binti yake, Rahima. Tukawatilia chakula katika sinia moja, kama desturi. Kijana akamaliza upande wake, akanawa, akahamia kwenye kiti na simu yake. Kakangu akabaki peke yake na sinia, watu wanamtazama, akasema ameshiba. Uongo mtupu, alikuwa na njaa. Posa ile akaikataa, na tangu siku hiyo akawa anakula chumbani, peke yake, kwa bakuli. Niliumia sana.

Sasa kaja Anwar wa Likoni. Rahima anampenda, hata kuku wetu wanajua. Kakangu akatoa sharti moja tu.

"Nitakula naye kwanza."

Rahima alinifuata jikoni machozi yakimlenga. Anwar hula kama anayefukuzwa. Kwao ni ndugu wanane wa kiume kwenye sinia moja, na ukizubaa unalala njaa.

"Shangazi, mwambie ale polepole."

"Simwambii. Nataka kumwona yeye, si mafunzo yangu."

Akanuna. Nami kusema kweli niliogopa, kwa kuwa kijana mwenyewe nilishampenda.

Ijumaa baada ya swala wakakaa mkekani watatu: kakangu, Anwar na mjomba wake aliyemleta. Mimi na Rahima tukajibanza nyuma ya pazia. Wallahi kijana alilishambulia lile pilau! Kakangu hajafika hata nusu, upande wa Anwar ulikuwa mweupe, unang'aa. Mjomba naye akamaliza, akashukuru, akanawa, akatoka barazani kupunga upepo. Rahima akanifinya mkono mpaka nikauma midomo.

Anwar akanyoosha mkono kulifuata birika la maji. Hapo kakangu akalirudisha chini tonge alilokuwa amelishika. Nikajua anachotaka kusema.

Anwar aliliona lile tonge. Mkono wake ukaliacha birika, ukarudi kwenye sinia. Akaokota punje moja ya wali, akaitafuna kana kwamba ni nyama ya paja.

"Baba, hizi boriti za dari ni mikoko ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa. Nilikata mwenyewe," kakangu akasema, na tonge likaanza tena safari yake.

Wakaongea boriti, wakaongea kamba wa mkondoni, wakaongea mvua. Tonge baada ya tonge kakangu akala, na Anwar akaizungusha punje yake ya mwisho kila pembe ya sinia asiile ikaisha. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisicheke.

"Kijana," kakangu akasema.

"Naam, baba."

"Hiyo punje itapata kizunguzungu. Si umeshiba zamani?"

Anwar akainamisha kichwa. "Sijashiba, baba. Bado nina njaa."

Kakangu akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu augue. Kisha kwa mkono ule ule mzito akazisukuma nyama zilizobaki upande wake, polepole, mpaka zikafika upande wa Anwar.

"Kula, mwanangu. Na wewe dada Mwanasaumu! Najua uko hapo nyuma ya pazia. Ongeza pilau, umwite na huyo mjomba tuzungumze mahari. Na lile bakuli langu la chumbani, watilie kuku maji."

Nikalitoa siku ile ile, na kuku wanalinywea mpaka leo.