Makofi Mawili

Ildefonsi aliwadharau watu wengi, lakini aliyeongoza ni Japhet. Wawili hao ndio waliobaki kwenye mafunzo ya kusimamia jengo jipya la chama cha akiba pale Kasulu, lenye taa, pampu na jenereta zinazojiendesha zenyewe. Siku ya uzinduzi mmoja wao angekabidhiwa funguo za chumba cha mitambo pamoja na ajira ya kudumu. Mwingine angerudi kutengeneza redio za watu.

Ildefonsi, mzaliwa wa Titye, kijiji cha hukohuko Kasulu, hakuona cha kujadili. Yeye alisomea umeme Mwanza. Japhet alikuwa mtu wa Singida, mpole hadi anakera, na kila jioni alikaa na akina mama wauza ndizi sokoni akijifunza salamu za Kiha, zile za kupiga makofi.

"Umekuja kusomea mitambo au kupiga makofi?" Ildefonsi alimuuliza mbele za watu.

"Vyote vinaingia, kaka," Japhet akajibu akicheka.

Hata mkufunzi, Bwana Nurudini kutoka Dar, hakusalimika na dharau hiyo. Wiki nzima aliwaonyesha ukutani picha za maghorofa marefu, wakati jengo lao halikuwa na ghorofa hata moja. Alichojivunia zaidi ni taa za ukumbi: ukipiga makofi mawili zinazimika, ukipiga tena mawili zinawaka. Na ukumbi wenyewe haukuwa na dirisha. Waliouchora hawakuwahi kukanyaga Kasulu, wakaujaza viyoyozi katika mji ambao watu huota moto asubuhi.

"Mwalimu, wenyeji wa hapa wanasalimiana kwa makofi," Japhet alisema darasani.

Bwana Nurudini akakuna kidevu. Ildefonsi akadakia haraka. "Hao ni wazee wa porini, mwalimu. Huku mjini tumeshastaarabika."

Mwalimu akaridhika, akafunga kompyuta yake. Mtu angetaka kuona utaalamu usioujua mji unaokaa, angeupata pale, umevaa miwani na kunywa soda.

Siku ya uzinduzi wageni waliombwa wapunge mikono badala ya kupiga makofi. Watu wazima na akili zao wakawa wanapunga kila hotuba ilipokwisha. Ildefonsi alisimama mbele, karibu na meza ya wakubwa, ndani ya suti ya kuazima, akiona funguo ziko mfukoni tayari.

Ndipo akaingia mama yake, Bi Ernesta, na kitenge kipya. Alikuwa amesikia kijijini kwamba mwanawe anapewa ukubwa. Akapita viti vyote, akaenda moja kwa moja hadi alipo mwanawe. Akapiga goti, akampigia makofi mawili ya taratibu, ya kumpa heshima mbele ya wakubwa.

"Mwidiwe," akamsalimia kwa Kiha.

Giza likaingia. Watu wakapiga kelele, viti vikaanguka.

Ildefonsi alitakiwa kitu kimoja tu, kuitikia. Makofi mawili yangemjibu mama na yangewasha taa. Lakini aibu ilimpanda kichwani, na mafunzo yote yakamtoka.

"Ushamba wako umenifuata mpaka huku? Nani kakuita? Toka nje!"

Huenda alidhani giza linaficha na sauti. Ukumbi mzima ulimsikia.

Kutoka nyuma yakasikika makofi mawili. "Mwidiwe, mama," ikasema sauti ya Japhet.

Taa zikawaka. Bi Ernesta alikuwa bado amepiga goti, mikono imeshikana, lakini uso alikuwa ameshaugeuzia kule jibu lilikotokea.

Funguo alipewa Japhet, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Bwana Nurudini alimkabidhi bila kumtazama Ildefonsi, kana kwamba hakuwahi kumfundisha. Bi Ernesta akainuka, akajifuta vumbi gotini. "Hongera, mwanangu," alimwambia Japhet. Akainua mikono ampigie makofi, akazitazama taa, akapunga kama wengine. Kisha akampita mwanawe wa kumzaa kama unavyopita kiti, akaelekea mlangoni.

Ildefonsi alimwona anaondoka. Akaona hana mama wala kazi. Akapiga goti palepale na suti ya watu, akampigia makofi mawili mama aliyekwisha kumpa mgongo.

Taa zikazimika.

"Nani tena huyo mshamba?" mtu akauliza gizani.