Kovu la Jemadari Tarrok

Eufrasia Rweyemamu alikuwa amewahudumia wazee wa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa miaka kumi na minne, na kati yao mmoja tu alitoka sayari nyingine. Huyo alikuwa Jemadari Tarrok, Mvareshi mwenye ngozi ngumu kama ya kiboko, aliyekimbilia huko na wenzake baada ya kushindwa vita. Kila asubuhi Eufrasia alimwogesha, akampaka mafuta, akamvika. Hawakuzungumza sana, lakini waliheshimiana.

Mwaka ule Wavareshi wa London walikuwa wanachagua mkuu mpya. Waliotaka kupatana na maadui wa kwao walimsimamisha Tarrok. Waliotaka vita viendelee walimfuata Ushekh, kijana msemaji sana, naye akaeneza habari kwamba jemadari aliwahi kumkimbia adui, na kovu analo mgongoni. Kwa Wavareshi, mwenye jeraha la mgongoni hana haki hata ya kusema barazani.

Baraza lilikutana Walthamstow, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya soko. Tarrok alisimama kwa magongo mawili saa nzima, maana kwao anayeketi mbele ya mshtaki wake amekubali kosa. Mila ilimkataza kujitetea. Wa kusema alikuwa yule anayeujua mwili wake, kwa hiyo wakamwita Eufrasia.

Ushekh alimuuliza kama kovu lipo. Akajibu kwamba kazi yake ina miiko, na mwili wa mzee si habari ya kutembezwa barazani.

"Huyu ni mtumishi wa kulipwa," Ushekh akawaambia wenzake. "Ataficha lolote."

"Nalipwa, ndiyo," Eufrasia akasema. "Na sijawahi kumvunjia heshima mtu niliyemwogesha. Mzee mwenyewe akiniruhusu, nitasema. Asiporuhusu, mtakaa hapa mpaka kesho."

Minong'ono ikapita ukumbini. Tarrok akamtazama. "Sema yote," akamwambia. "Usinipunguzie."

Basi akasema. Kovu lipo, la moto, kutoka shingoni hadi kiunoni. Lakini kifuani, chini ya mabega, kuna alama za kucha ndogo, nne kushoto na nne kulia, zilizozama kwa nguvu. Yeye, Eufrasia, amelea watoto watatu, anajua mtoto mwenye hofu anavyomng'ang'ania mtu. Jemadari aliupa moto mgongo kwa sababu kifuani alibeba mtoto.

Tarrok hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Wavareshi humdharau anayejisifu kwa uhai aliouokoa.

Ndipo Nashira, dada mkubwa wa Ushekh, akainuka. Alisema alikuwa na miaka mitano nyumba yao ilipochomwa. Askari alimtoa, na uso wa askari huyo hakuuona kwa kuwa yeye alikuwa ameuficha uso wake kifuani mwa askari. Akavuka ukumbi, akasimama nyuma ya Tarrok. Wengine wakamfuata kwa makumi. Ushekh alibaki peke yake kitambo, kisha akaja mwenyewe na kiti.

"Keti, Jemadari," akasema. "Hakuna anayekushtaki."

Tarrok akachaguliwa, na wajumbe wa amani wakateuliwa siku ileile. Mwandishi wa baraza alimwendea Eufrasia kuliandika jina lake kati ya mashahidi wa Wavareshi. London ilikuwa imelikosea jina hilo miaka yote. Akalitaja herufi kwa herufi, la baba yake na la babu yake wa Karagwe pia, akainama juu ya kitabu kuhakikisha yameandikwa sawasawa.