Kipimo cha Digrii Sitini

Miaka ishirini na sita Wilmar Bentancor alikuwa akipima vitambaa vya skrini za sinema katika karakana moja ya Montevideo, ndani ya chumba kilichopakwa rangi nyeusi ukutani, darini, hadi kitasa cha mlango. Kuieleza kazi hiyo ni rahisi, kuifanya ni kero tupu. Unamulika kitambaa, kisha unazungusha kipima mwanga kidogo kidogo mpaka pembeni kabisa, uone nuru inavyotawanyika. Kitambaa kikiirudisha yote katikati, aliyekaa kiti cha pembeni ataona vivuli tu. Na yeye, jamani, si amelipa kiingilio?

Mkewe alishakufa. Watoto wako Uhispania, na salamu zao ni za sikukuu. Aliyebaki wa kuzungumza naye ni Nélida, mchanganyaji wa rangi za kupaka vitambaa, aliyempitishia kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, kila saa nne asubuhi na kumtania, "Don Wilmar, umepauka kama uyoga. Toka uote jua!"

Julai hiyo mwenye karakana alisema waziwazi: kitambaa kipya cha Nélida kikirudisha nuru sabini kwa mia kwenye digrii sitini za pembeni, kazi yake Nélida ipo. Kisipopata, afungashe. Dada yake Nélida, huko mbali mjini Salto, alishamwandalia chumba.

Wilmar akapima. Sabini na nne! Akarudia, sabini na nne tena. Alikuwa anatafuta kalamu kwa furaha alipojitazama kifuani. Lo! Sweta jeupe. Nélida alimfumia mwenyewe, na yeye, mzee mzima anayefukuza watu chumbani kwa sababu ya kola nyeupe, alilivaa akasahau koti lake jeusi. Nuru iligonga sweta ikarudi kwenye kitambaa.

Alilivua, akavaa koti, akapima upya. Sitini na moja.

Hakuna ambaye angejua. Alitaka Nélida abaki. Lakini kitambaa kingeitwa cha Nélida, na watu wa viti vya pembeni wangemlaani yeye. Akaandika sitini na moja, huku akijichukia.

Nélida aliisoma karatasi akiwa mlangoni, maana mchanganyaji wa rangi naye hutia sahihi.

"Mara ya kwanza ilikuwaje?"

"Sabini na nne. Nilikuwa nimevaa sweta lako."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Mpumbavu mkubwa wewe! Miaka yote hiyo unatupigia kelele sisi!" Kisha kicheko kikakatika. "Ungeandika hiyo, ningekuvunjia kibuyu kichwani. Umefanya vizuri."

Akatia sahihi, lakini kalamu hakuirudisha.

"Huna jingine la kuniambia, Wilmar?"

Wilmar alikohoa. Akatazama sakafu, akatazama mashine.

"Digrii sabini sikupima," alisema.

Nélida aliweka kalamu mezani. "Haya, baba. Basi langu ni Jumamosi."

Jumatatu Wilmar alifunga mlango wa chumba cheusi, akatundika kitambaa kingine, akawasha taa. Saa nne ilipita bila mtu kugonga. Alikuwa amefika digrii thelathini aliposimama.

"Usiende, Nélida," alikiambia chumba kitupu. "Kaa na mimi."

Maneno yalitoka vizuri tu, bila kigugumizi. Akayarudia.